Lori Lenye Kichwa

Natengeneza meno ya bandia huku Ngamiani, Tanga, na hiyo ndiyo kazi inayolisha nyumba. Inayonitia wazimu ni nyingine. Kwenye rafu juu ya meza yangu, mahali ambapo fundi mwenye akili angeweka plasta na nta, nimepanga maroboti ya zamani, yale ya plastiki na chuma yanayokunjwa yakawa magari, na yakikunjuliwa yanasimama kama watu, mikono na miguu yote ipo. Mengi yaliletwa na mabaharia tulipokuwa wadogo, mengine yakaja na marobota ya mtumba. Yakachezewa, yakavunjwa, yakatupwa. Mimi nayaokota, nayanunua, nabembeleza niachiwe, kisha nakaa nayo siku kadhaa nikitafuta kwa nini goti moja halikunjiki.

Sitaki mtu aniambie kwamba ni mambo ya kitoto. Mke wangu ameshaniambia ya kutosha.

Kinachonichosha si kuvunjika kwake. Plastiki ikikaa juani miaka inageuka manjano kama meno ya mvuta sigara, inakauka, inakatika. Hilo halina wa kumlaumu. Wanaonichosha ni watu. Watu wetu wa pwani wakiona roboti lina kasoro wanajua dawa mbili tu, supaglu na kisu. Supaglu ni ya viungo. Kisu ni cha kichwa.

Tulifundishwa tangu tukiwa chuoni, misahafu mapajani, kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sanamu. Kisha tukasikia kwa wakubwa kwamba sanamu ikiondolewa kichwa si sanamu tena. Basi kina mama wa Tanga wakalishika hilo kwa bidii ambayo lau wangeitia kwenye mswaki, mimi leo ningekuwa nauza mihogo. Mwanasesere hana kichwa. Farasi wa plastiki hana kichwa. Nina boksi zima la maroboti yenye miili mizuri, rangi kamili, hata stika hazijabanduka, na shingoni patupu. Kuna moja nililitafuta kwa miaka, likapatikana Maramba, na mwenyewe aliponikabidhi mfuko akasema kwa fahari, “Limekaa nyumba ya watu wa dini.” Sikuwa na haja ya kufungua mfuko.

Vichwa natengeneza mwenyewe, kwa ile plastiki ya fizi za bandia. Ni ngumu, inachongeka vizuri, haiogopi joto, lakini ni ya waridi. Mteja akija kujaribu meno yake anakuta vichwa vidogo vya waridi vimepangwa vikisubiri rangi, ananitazama, anatazama mdomo wake kwenye kioo, anaanza kuwa na wasiwasi. Na mimi nimechoka kueleza.

Sasa mwaka huu, Shaabani ikiwa imeshaingia, mama mkubwa akaja kutoka Moa. Mama mkubwa ni dada yake marehemu mama yangu. Ni mwanamke mfupi, mwenye vidole vilivyopinda kwa baridi yabisi, na hajawahi kukaa mahali akanyamaza. Aliingia moja kwa moja kwenye karakana na kikapu chake, kana kwamba alituma taarifa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mkeo hajambo? Haya nipishe nikae, magoti haya si yangu tena.”

Akatoa kwenye kikapu dagaa, akatoa mihogo, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso. Akakifungua juu ya meza, katikati ya meno ya watu.

Lilikuwa lori jekundu. Karibu kuwa lori. Magurudumu yalikuwa mahali pake, tela lilikuwa mahali pake, lakini boneti imeachama, na kutoka ndani ya boneti kimechomoza kichwa cha bluu na macho mawili ya njano, kikichungulia. Kichwa chake halisi. Nilikuwa sijaona kichwa halisi kwenye roboti la pwani hii tangu sijui lini, na nusura nipige kigelegele. Kisha nikalishika nikajaribu kulikunja, halikwenda. Nikajaribu kulikunjua, halikwenda. Nikalisogeza kwenye taa, nikaona matone yaliyokauka kwenye kila kiungo, meupe, manene, yamemwagwa bila huruma.

“Nani katia supaglu hapa?”

“Fundi baiskeli.”

“Mama, fundi baiskeli!”

“We ulikuwa mbali.”

Habari yenyewe naijua, kwa sababu nililichezea roboti lile. Lililetwa na mume wake, aliyekuwa mpishi wa meli, kwa ajili ya mtoto wao mmoja, binamu yangu. Siku lilipoingia nyumbani mama mkubwa alichukua kisu. Mtoto akalia mpaka akatapika. Ndipo mama mkubwa, ambaye kwa kawaida hajui kurudi nyuma, akaona kwamba kitu kile kikikunjwa kinakuwa lori, na lori halina uso. Wakapatana. Mchana roboti lisimame litakavyo, lakini adhana ikilia liwe lori, nyumba iswalike. Nakumbuka binamu yangu akiacha mpira uwanjani, anakimbia, anakunja miguu ya roboti huku anahema, na mama yake amesimama kwenye mkeka anamsubiri. Moa nzima ilikuwa inajua. Wenzetu walimcheka, yeye hakujali.

Huyo binamu yangu alikwenda Sauzi. Mwanzo alikuwa anapiga simu. Baadaye simu yake ikawa haishiki, na watu waliorudi kutoka huko kila mmoja alikuwa na lake, huyu kamwona, huyu kasikia, huyu hajui. Ni miaka sasa. Mama mkubwa aliamua kuswali chumbani mwa mwanawe, swala zote, na dua zake anaombea humo, na lori limekaa dirishani kama alivyoliacha. Mpaka kiungo cha boneti kilipolegea kwa uzee, boneti ikawa inafunguka yenyewe na kichwa kinachomoza katikati ya swala. Akalipeleka kwa fundi baiskeli alifunge. Fundi akamwaga gundi kabla hajalifunga, ikakauka mkononi mwake, lori likabaki hivyo.

Tangu siku hiyo anaswalia ukumbini, kuku wanampita mbele.

“Dua za ukumbini hazikai,” aliniambia. “Nikifika kwenye jina lake, kuku huyo. Nikianza tena, jirani anabisha hodi. Nataka Ramadhani inikute chumbani mwa mwanangu.”

Nikamuuliza, kwa upole wote niliokuwa nao, kwa nini asilihamishe chumba kingine.

“Mwenyewe kahama. Nihamishe na chake?”

“Lifunike basi na kitambaa.”

“Kama maiti?”

Sikumuuliza la kisu. Alinijibu mwenyewe. Watu wote wa Moa, na mwalimu wa chuo akiwemo, walishamwambia akikate kile kichwa yaishe. Ni walewale wanaomwambia asome hitima ya mwanawe, kama aliyekufa, yaishe. “Sikumkata akiwa analia mbele yangu,” akasema, “ndo nimkate hayupo?”

Basi nikakubali, na hapo ndipo mateso yangu yalipoanza, kwa sababu mama mkubwa hakurudi Moa. Nilimwambia aniachie, nitamletea mwenyewe kwa mkono wangu. Akacheka mpaka akashika mbavu. “Mafundi nawajua mimi. Ukimpa kisogo tu, kazi kaisukumia uvunguni.” Akatandika mkeka pembeni ya mashine yangu ya kusagia, akakaa.

Adhana ya adhuhuri ikalia. Akainua macho kwenye rafu.

“Na hawa?”

“Hawa wamekaa tu, mama.”

“Hawajakaa. Wamesimama wananitazama. Wakunje.”

Nyumba yangu iko nyuma ya karakana, hatua chache, ina chumba safi kisicho na hata kalenda yenye picha. Nikamsihi aende akaswali huko. Akasema hawezi kuliacha lori lake mbali, akaliweka nje ya mlango wa karakana swala ipite. Nikashusha pazia juu ya rafu. “Mungu haoni nyuma ya pazia?” akauliza. Basi nikakunja. Rafu nzima. Na hapa naomba nieleweke: roboti la miaka ile halikunjwi ovyo. Kila ukilipinda, kiungo kinalika, plastiki inaingia mstari mweupe, na siku moja unabaki na mkono kiganjani. Mimi nayakunja mara moja kwa mwaka nikiwa nimenyoa na nimetulia. Sasa nayakunja adhuhuri, nayakunja alasiri, adhana inaniharakisha na mama mkubwa ananihesabia makosa. “Yule wa mwisho bado ana pua.”

Siku ya pili alasiri, la kijani likakatika bega. Nilikuwa nimelihangaikia tangu mwaka jana. Nilisema neno ambalo sitaliandika, na mama mkubwa akaniambia nikatie udhu upya.

Alikuwepo mteja kutoka Muheza, mfanyabiashara wa machungwa, kavunja meno yake ya bandia kwa kumenyea machungwa, jambo nililomkataza nikiwa namtazama usoni. Badala ya kuuliza meno yake yameishia wapi, aliinuka akasaidia kukunja, kajifunika mdomo kwa leso ya mkononi. Akaliendea basi langu la manjano akalikunja kinyume. Sauti niliyoisikia naisikia mpaka leo. Akasema samahani. Mama mkubwa akamwambia asijali, fundi yupo.

Kazi yenyewe haikuwa inakwenda. Supaglu ina dawa yake, asetoni, ile wanayofutia rangi ya kucha, lakini asetoni haichagui. Inakula gundi na inakula plastiki pamoja. Nilijaribu tone moja chini ya tela, rangi ikaanza kulia, nikaacha. Kisu hakipiti. Joto litapinda kila kitu. Ilibaki baridi, maana gundi ile ikiganda sana inakuwa dhaifu, inapasuka kama chungu. Na friji la kugandisha pale nyumbani ni moja, la mke wangu, analogandishia barafu za ubuyu za kuuza na kuwekea ngisi wake.

“Nini hiki kwenye barafu zangu?” Ilikuwa asubuhi, sijanywa hata chai.

“Lori la mama mkubwa.”

“Linanitazama.”

“Lifumbie macho siku moja tu.”

“Wewe bwana, watoto wa watu wanakuja kununua barafu, nifungue wakute kichwa?” Lakini alijua ni la nani, na binamu yangu alimjua, aliwahi kula naye sahani moja. Akalifunga kwenye mfuko, akalisogeza chini ya ngisi, akaniambia likitoka humo nisimrudishie mfuko.

Nikawa naligandisha, nalitoa, natia ncha ya kisu cha nta kwenye kiungo, nagonga kidogo. Nalirudisha. Nalitoa. Lilikuwa linanuka ngisi, mikono yangu inanuka ngisi, na meno ya watu, namwomba Mungu anisamehe, yalikuwa yananuka ngisi. Mama mkubwa alikaa mkekani akisema, “Hapo siyo. Hapo siyo. Polepole. Mbona hugongi?”

Boneti ndiyo ilikuwa ya mwisho. Ilipasuka kwa mlio mdogo, ganda la gundi likaruka likanipiga shavuni, na kiungo kikacheza. Nikakunja kichwa, kikaingia. Nikafunga boneti. Lilikuwa lori. “Hapo ndipo,” mama mkubwa akasema, na hilo ndilo neno jema pekee nililopata wiki ile.

Nilianza kulisafisha. Kona ya juu ya tela, ile ambayo roboti likisimama huwa bega, ilikuwa imeliwa. Nikaweka miwani. Zilikuwa alama za meno ya mtoto, yale ya utotoni, na kati ya mawili ya mbele palikuwa na mwanya. Meno ndiyo kazi yangu, sikuhitaji kuambiwa ni ya nani. Nikachukua kijiko cha plastiki laini nizibe, maana ukarabati ni kurudisha kitu kilivyotoka kiwandani, na ndivyo nilivyofanya kwa kila kilichopita mezani kwangu.

Mkono wenye vidole vilivyopinda ukaja juu ya mkono wangu.

“Hapo usipaguse.”

Nikarudisha kijiko. Nilikuwa nimeudhika, nakiri, kwa sababu alikuwa sahihi na nilikuwa sijapata usingizi mzuri.

Nikamwambia basi, mama, kazi imekwisha. Nenda Moa, liweke dirishani, lori ni lori, uswali kwa raha zako, na tafadhali usilifungue tena, viungo hivi vimechoka.

“Nisimfungue?”

“Usilifungue. Si unataka liwe lori?”

“Adhana ikilia awe lori. Baadaye asimame.”

Nilidhani sijasikia vizuri. Kumbe miaka yote ile, tangu mwanawe aondoke mpaka boneti ilipolegea, alikuwa analikunja na kulikunjua kila swala kama alivyokuwa akifanya mtoto. Ndiyo maana kiungo kililegea! Hakikulegezwa na uzee, kililegezwa na yeye. Nikapandisha sauti, Mungu anisamehe, kwa dada wa mama yangu. Nikamwambia plastiki hii haiwezi, nikamwonyesha mistari meupe, nikamwambia mara tano kila siku hili halitafika Idi, likikatika shingo hapo ni sawa na kisu.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

“Mwanangu,” akasema, “akitokea siku yoyote akakuta limefungwa, atajua tunaswali, atakaa nje asubiri. Akikuta limefungwa kila saa, atajuaje kama mna mtu ndani anamngoja?”

Mke wangu alikuwa mlangoni na sahani ya mihogo. Alinitazama namna ambayo ilinifanya nigeuke mezani.

Nikafanya kitu ambacho ningemcheka mwenzangu akikifanya. Nikatoa pini za asili zote, zile za kiwandani, ambazo watu wa kazi hii huzitunza kama mboni ya jicho, nikatia waya wa chuma tunaoshikizia meno ya bandia, unaokaa mdomoni mwa mtu anatafuna miaka na haukatiki. Halikuwa tena roboti la asili. Kwa mkusanyaji yeyote nililiharibu. Mama mkubwa akalikunja, akalikunjua, akasema linaenda, ila linanuka ngisi. Kesho yake akapanda basi, na mimi nikakaa nikaanza kumtengenezea mtu wa Muheza meno yake.

Ramadhani ikaandama. Hakupiga simu. Sikutaka kuwaza lile roboti, nikawa nalo kichwani kila adhana. Mwisho nikatia mfukoni waya, koleo ndogo na gundi yangu mwenyewe, nikaenda Moa. Nilimwambia mke wangu nakwenda kumjulia hali mama mkubwa. Alinifungia tende na kunitakia kazi njema.

Bodaboda alinishusha kabla ya alasiri. Lilikuwa dirishani, limesimama, kichwa cha bluu juu. Chumba kilikuwa kitupu mno, kitanda kilichotandikwa, mkeka, msahafu, na hilo. Mama mkubwa alinipokea, akaniuliza habari za kila mtu, ngisi pia. Adhana ikaanza. Akalichukua akaanza kulikunja. Miguu kwanza. Vidole vyake havikutii, goti likamponyoka, akalianza upya. Muadhini alikuwa anakaribia mwisho na yeye bado yuko kwenye mikono. Nikanyoosha mkono nimsaidie.

“Wacha. Mwenyewe naye adhana ilikuwa inamwacha njiani.”

Adhana ilishakwisha alipofunga boneti. Akaliweka dirishani, lori tupu, tukaswali, mimi mbele, yeye nyuma yangu. Nilipotoa salamu alikuwa ndiyo kwanza anainua mikono kuomba. Alikaa kwenye dua muda mrefu. Hakuna kuku aliyepita. Nililisikia jina la binamu yangu likisemwa polepole, mara nyingi, na hakuna aliyelikatiza.

Alipomaliza akanipa lori. “Msimamishe wewe, mkono umechoka.”

Nikalikunjua. Waya wangu ulikuwa imara, lakini plastiki iliyoushika shingoni ilikuwa imeingia ufa, mwembamba, wa kuonekana na mimi tu. Koleo na gundi vilikuwa mfukoni. Gundi yangu ingeushika ule ufa, lakini shingo isingekunjika tena. Nilikuwa na maneno yote ya kumwambia, nilishayapanga tangu Tanga. Nikanyoosha miguu, nikatoa mikono, nikainua kichwa taratibu, nikamweka dirishani.

“Siyo huko,” mama mkubwa akasema. “Basi linashushia upande ule.”

Nikamgeuza, uso ukaelekea linakoshushia basi.